Kilo ya Sukari Siku ya Ubatizo

Wapendwa vijana wenzetu wa parokia, tutaanza na kosa letu wenyewe. Mtu aliyekwisha kuungama husikilizwa kwa urahisi kuliko yule ajaye na fimbo mkononi.

Kwa miaka kadhaa chama chetu kilikuwa na desturi ambayo tuliiona kuwa njema. Kila mtoto wa mwanashirika alipobatizwa, tulichanga fedha tukanunua zawadi: kilo moja ya sukari, paketi za biskuti, na chupa mbili tatu za vile vinywaji vitamu tunavyoviita sikre, ili kuichangamsha meza. Sukari ilitangulia mbele, juu ya sahani iliyofunikwa kitambaa cheupe, kila mtu aione ikiingia nyumbani. Huku kwetu kusini mwa Maniema sukari si kitu cha kudharauliwa. Hufika Kasongo kwa lori au juu ya pikipiki, kwa barabara ambazo wakati wa mvua humeza magurudumu mazima. Na ikisukumwa hadi Kabambare bei yake huwa imepanda tena. Kumpelekea mama mzazi kilo nzima kulikuwa ni kumwambia bila maneno kwamba tumemthamini.

Katika karamu moja ya namna hiyo, pale Kasongo, alikuwapo kaka yetu mmoja aliyerudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Salamabila. Alikuwa na fedha kidogo na moyo mkubwa. Alimpakata mtoto aliyebatizwa, mwenye umri wa miezi minne, akachovya kidole katika bilauri ya sikre, akakitia kinywani mwake. Mtoto alikunja uso, kisha akakodoa macho, akaanza kukinyonya kile kidole kwa nguvu zake zote. Watu walicheka na kupiga makofi, wakisema huyu ni mwanamume kweli. Nasi tulipiga makofi.

Miezi minane baadaye tulimwona tena mtoto yule. Ilikuwa siku ya kupima watoto kwenye kituo cha afya, siku ambayo vijana wa chama chetu huenda kusaidia kutundika mizani na kuita majina. Miguu yake ilikuwa imevimba. Ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Nywele zilikuwa zimepungua na kugeuka nyekundu. Hakulia alipowekwa kwenye mizani, na hilo ndilo lililotutisha kuliko yote, kwa sababu watoto wote hulia pale. Ugonjwa huo una majina mengi. Ndugu zetu wa upande wa Kivu huuita bwaki.

Mama yake alikuwa shambani, mwendo wa saa nyingi. Aliyemleta ni dada yake, msichana wa miaka kumi hivi, amembeba mgongoni njia nzima. Muuguzi akamwuliza mtoto anakula nini. Msichana alijibu bila haya, tena kwa fahari kidogo: asubuhi chai yenye sukari na biskuti, mchana uji wa muhogo wenye sukari ili asilie, usiku ananyonya mama akirudi. Muuguzi hakumgombeza. Alimsifu kwanza kwa kumbeba ndugu yake hadi pale, kisha akauliza sukari hiyo hupatikana wapi. “Ilianza na ile ya ubatizo,” akasema msichana. “Ilipokwisha, mtoto akakataa uji usio na utamu. Basi mama akawa ananunua.” Alitutambua, akatutolea tabasamu. Hatukujua tuweke wapi nyuso zetu.

Tunataka kusema jambo hili kwa usahihi, kwa kuwa tangu siku ile tumesikia baadhi yetu wakihubiri kwamba sukari huleta bwaki. Sivyo. Mtoto yule aliugua kwa sababu ya vile asivyovila. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo mno. Likijazwa chai, hakuna mahali pa yai wala pa samaki. Sukari inampa nguvu za kuchomwa kama kuni kavu na hakuna kingine: haina kitu cha kujenga mwili, haina madini ya chuma, haina vitamini. Uji wa muhogo peke yake nao ni maskini. Vikiungana hivyo viwili, mtoto hushiba huku akidhoofika, na kwa kuwa haliilii njaa, hakuna anayeshtuka.

Shirika la Afya Duniani hufundisha kwamba mtoto anyonye tu, bila hata maji, hadi atimize miezi sita. Kisha aanze kupewa chakula huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili na zaidi. Miezi sita haikuchaguliwa kwa kubahatisha. Mtoto huzaliwa na akiba ya chuma aliyoichukua tumboni mwa mama, na akiba hiyo hupungua karibu na wakati huo. Nayo maziwa ya mama, yakiwa mema namna gani, hayana chuma cha kutosha kuijaza tena. Kati ya miezi 6 na 12 maziwa bado huweza kumpa mtoto nusu ya nguvu anazozihitaji au zaidi, na katika mwaka wa pili theluthi moja. Kinachobaki lazima kitoke chunguni: mara mbili au tatu kwa siku hadi miezi minane, kisha mara tatu au nne. Na katika mwongozo wake wa mwaka 2023 Shirika hilo limesema wazi kwamba watoto wa miezi 6 hadi 23 wasipewe kabisa vinywaji vilivyotiwa sukari, wala vyakula vilivyojaa sukari au chumvi. Hata asali, ambayo wengi huiona kuwa dawa, isimguse mtoto asiyetimiza mwaka, kwa maana inaweza kubeba vijidudu vinavyopooza mwili wake.

Kijana mmoja wetu aliuliza swali ambalo muuguzi alilifurahia. Mtoto yule alipoanza kutibiwa alipewa zile pakiti za chakula cha tiba, mchanganyiko laini wa karanga, maziwa ya unga, mafuta na vitamini. Kijana alionja kilichobaki kwenye ncha ya pakiti, akasema: mbona na hii ni tamu? Ni kweli, ina sukari. Vivyo hivyo mtoto anayeharisha hupewa maji yenye chumvi na sukari, kwa kuwa sukari husaidia utumbo kuyapokea maji na chumvi. Sukari iliyopimwa kwa ajili ya mgonjwa ni dawa. Hatukuambiwa tuichukie. Maziwa ya mama yenyewe ni matamu, na mtoto huzaliwa akipenda utamu, Muumba alivyopenda. Tatizo ni kwamba mtoto anayejifunza kula hujifunza kwa ulimi. Chakula kipya anaweza kukitema mara nane au kumi kabla ya kukikubali, na kila mara huhitaji mtu mwenye subira ya kumletea tena kesho. Ukimtilia sukari anakubali mara ya kwanza. Ndiyo maana sukari hutushinda: inatuondolea ile kazi ya mara tisa zilizobaki.

Wengi wenu hamjui kwamba mji wetu wa Kasongo umeandikwa katika majarida ya udaktari ya dunia kwa sababu ya watoto wa umri huo huo. Katika miaka ya 1970 ulianza hapa mradi wa afya ulioshirikisha madaktari wa Taasisi ya Tiba za Kitropiki ya Antwerp, Ubelgiji. Mwaka 1981 timu ya mradi huo ilichapisha katika jarida la Lancet utafiti juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto wa Kasongo wenye miezi 7 hadi 35. Waliona kwamba waliochanjwa waliponea zaidi, lakini wakauliza swali lililozua ubishi mkubwa: je, mtoto dhaifu aliyeokolewa na surua hawezi kuchukuliwa baadaye na jambo lingine, ikiwa udhaifu wake umebaki? Wataalamu wengine waliwapinga kwa hoja nzito, na leo hakuna mwenye akili anayeitilia shaka chanjo ya surua. Mpelekeni kila mtoto akachanjwe. Ila sisi tunabaki tukiutazama umri ule, miezi 7 hadi 35. Ndio muda hasa ambao mtoto anatoka kwenye ziwa kuelekea kwenye sahani. Babu na nyanya zetu walipimwa na kuhesabiwa katika njia hiyo, na baadhi ya ndugu zao hawakufika ng’ambo.

Maandiko Matakatifu yanaifahamu njia hiyo. Kitabu cha Mwanzo kinasimulia kwamba Abrahamu alifanya karamu kubwa siku Isaka alipoachishwa ziwa. Hana hakumpeleka Samweli mbele ya Bwana hadi alipomaliza kumnyonyesha, na mumewe alikubali kungoja. Yule mama wa vijana saba katika Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, akimwimarisha mwanawe wa mwisho mbele ya kifo, anamkumbusha miezi tisa ya tumbo na miaka mitatu ya ziwa. Mtume Paulo naye, alipotaka kuwaeleza Wakorintho uchanga wao wa imani, alitumia mfano wa maziwa na chakula kigumu, akiwa na hakika kwamba kila msikilizaji wake amewahi kuona mtoto akilishwa. Na Papa Fransisko, akibatiza watoto katika Kikanisa cha Sistina mwezi wa Januari 2014, aliwaambia akina mama wasisite kuwanyonyesha wenye njaa palepale. Huko Roma labda ilikuwa lazima kusemwa. Katika Misa zetu hakuna mama aliyewahi kungoja ruhusa.

Karamu ya Abrahamu hutufikirisha. Katika siku zile watoto wengi hawakufika umri wa kuachishwa ziwa, na aliyefika alistahili kushangiliwa. Sisi tulihamisha karamu tukaiweka mwanzoni, mtoto akiwa na miezi minne. Na ilipofika miezi sita, safari ilipoanza kuwa ngumu, tulikuwa tumekwisha kurudi nyumbani kwetu.

Mtauliza kwa nini tunawaandikia ninyi vijana, na si akina mama. Mama yuko shambani. Hilo ndilo jibu lote. Katika vijiji vya Kasongo na Kabambare mama huamka kabla ya jogoo, huenda kulima mpunga au kung’oa muhogo, hurudi jua likizama na kuni kichwani. Na kati ya saa hizo mbili mtoto yuko mikononi mwa dada yake, au mwa kaka yake aliyekosa karo mwaka huu. Ninyi ndio mnaoshika kijiko. Msichana yule wa miaka kumi alifanya kwa upendo kila alichokijua, na hakuna aliyemfundisha zaidi ya hapo, ingawa kila Jumapili alikaa mbele yetu katika kundi la watoto na sisi tulimfundisha nyimbo.

Basi tulijifunza kupika. Tunasema hivyo bila mzaha, kwa maana baadhi ya vijana wa kiume katika chama chetu hawakuwahi kukaanga karanga. Nyanya mmoja, mwanashirika mzee kuliko wote, ndiye aliyetuita nyuma ya nyumba yake. Mwanzoni alikuwa amekasirika, akiuliza kwa nini vijana wa siku hizi wanataka kufika kwenye ubatizo mikono mitupu. Tulipomweleza habari za mtoto yule alinyamaza, kisha akasema, “Wajukuu wangu, sukari imekuja na magari. Sisi tulilishwa ndakala.” Akatuonyesha: ndakala wakavu huondolewa vichwa, hukaangwa kidogo bila mafuta, hutwangwa hadi wawe unga mlaini, huchekechwa ili mwiba usibaki. Karanga nazo hukaangwa na kutwangwa peke yake. Uji wa mahindi au wa mchele ukichemka, hutiwa kijiko cha unga huo na kijiko cha karanga, na mwisho mafuta ya mawese, yale mekundu yasiyochomwa hadi yakawa meupe, kwa kuwa wekundu wake ndio unaolinda macho ya mtoto. Uji uwe mzito wa kukaa juu ya kijiko. Unaotiririka kama maji ni maji. Siku nyingine lengalenga laini iliyopondwa, au maharage yaliyochujwa ganda, au avoka, au papai, ambalo lina utamu wake lenyewe na halihitaji kusaidiwa.

Tulipofika kwenye yai palizuka kicheko. Sote tuliwahi kusikia kwamba mtoto akila yai atakuwa mwizi. Nyanya alisema kwamba wezi anaowafahamu yeye hakuna hata mmoja aliyekula mayai utotoni. Mayai yaliliwa na baba zao.

Tusiwafiche kwamba utamu huu hautoki karamuni peke yake. Mwezi wa Aprili 2024 shirika la Uswisi liitwalo Public Eye, pamoja na mtandao wa IBFAN, lilionyesha kwamba unga wa nafaka wa watoto wa kampuni ya Nestlé unaouzwa Senegal na Afrika Kusini ulikuwa na karibu gramu 6 za sukari iliyoongezwa kwa kila mlo, na unga kama huo unaouzwa Uswisi haukuwa nayo. Kwa wengi wetu mkebe wa namna hiyo ni ndoto. Lakini ndoto nayo hufundisha: tunaposema mtoto wa fulani analelewa vizuri, mara nyingi tunamaanisha kwamba tumeuona mkebe juu ya meza yao.

Kuna neno moja ambalo bado hatuna jibu lake. Tulipokwenda kuzungumza na familia zilizokimbia vita kutoka Kabambare, mama mmoja alitusikiliza hadi mwisho, kwa heshima. Kisha akasema: “Wanangu, mnanieleza ndakala. Shamba langu nimeliacha nyuma, kuku wangu wameliwa na wenye bunduki. Kijiko kimoja cha sukari katika maji ya moto kinanipa usiku mmoja bila kilio. Mnipe usiku huo kwa njia nyingine.” Hatukumhubiria. Tulirudi siku ya tatu na mbegu za lengalenga, kwa kuwa huanza kuvunwa baada ya wiki chache na hupandwa hata kwenye kiwanja cha kuazima, na karanga kidogo zilizotwangwa, na wasichana wawili wa kumsaidia kuchota maji apate muda wa kunyonyesha. Alipokea. Hatujui kama usiku ule wake ulikuwa mrefu au mfupi, na tunawaomba mnaoishi karibu na familia kama hizo msifike kwao na mafundisho kabla ya kufika na chakula.

Mtoto yule wa karamu alipona. Uvimbe ulikwisha katika majuma ya kwanza, nywele zilichukua muda zaidi. Sasa anatembea, na akikuona na kitu mkononi anakitaka, ambayo ndiyo dalili tuliyoitamani. Chai anaililia bado. Dada yake humpa maji, humvumilia hadi anyamaze, nasi tumeona kwamba mara nyingine inachukua muda mrefu sana.

Kaka yetu wa Salamabila tulimweleza yote aliporudi tena. Alikaa kimya, akatazama kidole chake. Hatukutaka abebe peke yake lawama ambayo sote tuliipigia makofi, tukamwambia hivyo. Ubatizo uliofuata alichanga kama kawaida, akauliza anunue nini safari hii. Tulimtuma sokoni akaleta karanga, chupa ya mawese na tetea mmoja anayetaga, ambaye alitusumbua njia nzima na kuharibu suruali yake ya sikukuu. Kikapu kiliingia nyumbani kikitanguliwa na wimbo, kama ilivyokuwa zamani kwa sukari. Mtoto alikuwa na miezi mitano, kwa hiyo hakuonjeshwa chochote. Tuliahidi kurudi baada ya mwezi kumpikia uji wa kwanza, na siku hiyo imeandikwa katika daftari la chama pamoja na jina la mungu-baba wake.

Mama yake alichungulia ndani ya kikapu, akatuuliza kwa sauti ya chini kama kweli hatukuleta sukari hata kidogo. Alikuwa ananyonyesha tangu alfajiri, amewapikia wageni wote, na hajaketi. Mmoja wetu alikimbia dukani akarudi na robo kilo, kwa ajili ya chai yake mwenyewe.